Uzi Mweusi wa Bibi Mkunga

Nimeianza picha hii mara nyingi na kuichana kila mara. Mara ya kwanza nilimfanya mbaya mno, nikaona haya. Mara ya pili nilimfanya mwema mno, nikashikwa na hasira. Safari hii sitachana, hata wino ukidondoka. Ninayemwandika ni mkunga wa mtaa wetu wa Buyenzi. Kwa miaka sita alinikaribisha kwenye mkeka wake, akajibu maswali yangu, akaniambia kwa kinywa chake kwamba hana alichonificha. Kisha dada yangu Mwamini akafa kwa mimba yake ya kwanza, mwili wake mzima, nguvu zake zote anazo, siku moja tu baada ya mwanamke huyo kumshika mkono na kusema hana neno.

Jina lake silitaji. Hata sisi hatukulitumia. Tulimwita Bibi.

Nianze na vidole, kwa kuwa ndivyo vilivyokuwa macho yake. Vilikuwa vifupi, vinene, kucha zimekatwa kwa wembe hadi kwenye nyama, na kila jioni alivisugua kwa ndimu. Macho yenyewe yalikuwa yameanza kuingia ukungu, lakini hakukiri. Mwanamke akipita mbele ya nyumba yake alimwita, akamshika kifundo cha mkono, akamtaja jina. "Aa, ni we, Zaina. Mutoto ananyonya?" Watu walidhani anasalimia. Mimi pia nilidhani anasalimia.

Alikuwa na jozi moja ya viatu vyeusi vya kufunga kwa kamba, alivyopewa na masera, wale watawa wa kike, zamani za Wabelgiji, alipokuwa akifua mashuka katika materinite, wodi yao ya kujifungulia. Nyumbani na mtaani alivaa kandambili. Viatu vilikaa chini ya kitanda, vimefungwa kwenye gazeti, na alivitoa kwa safari moja tu, ya kumpeleka mwanamke hospitali. Kwa hiyo akionekana amevaa viatu, mtaa mzima ulisimama. Fundi aliweka chini spana, muuza mkaa aliacha kupima, na wanawake walichungulia kuona ni mlango wa nani atakaoingia.

Gari hakuwa nalo, wala hakuna aliyekuwa nalo, lakini Buyenzi ni mtaa wa magereji na magari ya watu wengine hayakosekani. Siku moja nilimwona akipiga boneti ya gari kwa kiganja.

"Gari hii ni ya nani?"

"Ya muzungu mumoja wa kule juu, Bibi," fundi alijibu. "Imekuja kwa sababu ya breki."

"Inatembea?"

"Kutembea inatembea. Kusimama ndiyo tabu."

"Basi vizuri. Mi nataka kwenda, sitaki kusimama."

Mafundi walicheka hadi wakaegemea ukuta, lakini walitoa gari. Aliyepakiwa siku ile alikuwa jirani yetu wa mlango wa tatu, tumbo la miezi minane, na walimkuta akitwanga majani ya sombe. Alikuja na mchi mkononi.

"Bibi, lakini mi siumwi!"

"Nimesema unaumwa? Tunaenda kusalimia masera. Weka ule muti chini."

Alirudi baada ya wiki mbili, amekonda, na mtoto mdogo kama kuku mikononi, wote wawili hai. Hakuna aliyeelewa kwa nini alipelekwa akiwa anatwanga. Mimi niliandika kwenye daftari langu: *Bibi ana hisia.* Niliridhika na jibu hilo. Leo linanichoma.

Lazima niseme jambo kuhusu daftari. Sikusoma shule zaidi ya miaka miwili. Kusoma nilijifundisha mwenyewe, kwa maboksi ya vipuri na vitabu vya injini vyenye mafuta ambavyo baba alivileta kutoka gereji, nusu Kifaransa, nusu michoro. Mtu aliyejifundisha mwenyewe anaishi na woga kwamba kuna ukurasa aliouruka. Mimi ni hivyo. Nafunga mlango, narudi kuutazama, narudi tena. Nikishona pindo likaenda kombo kidogo, nafumua lote. Nilipoanza kukaa kwenye mkeka wa Bibi nilikuwa na miaka kumi na mitano, na nilitaka kujua kila kitu kuhusu uzazi, bila pengo. Nilimwuliza, akajibu, nikaandika. Kwa nini mtoto anatanguliza kichwa. Kwa nini mzazi anatetemeka baada ya kujifungua. Damu ya kawaida ni kiasi gani, na ya hatari ni kiasi gani.

"We Karani," aliniita hivyo, "siku moja utaniuliza Mungu anavaa saa gani."

Lakini alijibu. Alijibu akichambua mchele, akisuka nywele, akisikiliza redio ambayo aliipenda kuliko ndugu zake. Mwaka wa sita niliweka kalamu chini nikamwambia nadhani nimemaliza. Akanitazama kwa yale macho ya ukungu.

"Umemaliza. Sina kitu nimekuficha, Karani."

Neno hilo nililiandika pia.

Kwenye vibaraza alipenda kusema jambo moja kuliko yote: mimba si ugonjwa. Alilisema kwa sauti kubwa, waume wasikie na mama wakwe wasikie. Mjamzito aliyelalamika mgongo alimwambia, "Mimba si ugonjwa, simama, fagia." Aliyetapika alimpa kipande cha tangawizi na neno hilohilo. Wanawake walilipenda. Liliwapa fahari. Mwanamke mzima, asiye na homa, asiye na kidonda, kwa nini aogope? Na yeye aliyelisema, nikikumbuka vizuri, hakumwacha mjamzito hata mmoja apite bila kumshika mkono. Kinywa chake kilikuwa na habari moja na vidole vyake habari nyingine. Sikuliona hilo. Mtu anayeandika huangalia midomo.

Sasa uzi. Mimba ikifika mwezi wa tano, Bibi alimfunga mwanamke uzi mweusi kwenye mkono wa kushoto, juu kidogo ya kiganja. Alifunga akinong'ona, ncha akazipitisha chini ya fundo zisionekane. Mtaa wote uliuita dawa ya Bibi. Wengine walisema inazuia jicho, wengine kwamba inamshika mtoto asitoke kabla ya wakati. Kila baada ya wiki alipita nyumba kwa nyumba, akaingiza kidole chake kidogo kati ya uzi na ngozi, akakizungusha, akasema "Sawa," akaenda zake.

Nilimwuliza mara moja tu. "Bibi, uzi ni wa nini?"

"Ni uzi."

"Najua ni uzi. Unafanya kazi gani?"

"Ulikuwa wa bibi yangu. Andika ingine."

Nikaandika: *Uzi: mila tu. Hauna kazi.* Nikapiga mstari chini yake kwa rula.

Mwamini alikuwa na miaka ishirini na mitatu, na mimi nilikuwa nimepita ishirini na moja. Alikuwa mwenye nguvu kwa namna iliyowachekesha wanaume. Aliweza kubeba gunia la mkaa peke yake kutoka barabarani hadi jikoni, na malaria iliyotulaza sote ilimkosa yeye. Mumewe alikuwa fundi wa magari, nyumba yao ilitazamana na yetu. Alipopata mimba, mama mkwe wake alisema huyu atazaa huku akipika. Bibi alimfunga uzi, na kila wiki akasema, "We ni muzima kuliko mi."

Mwezi wa saba ulipokuwa unaisha, Mwamini alinionyesha mkono. Uzi ulikuwa umezama kwenye nyama.

"Unanikata, we. Usiku siwezi kulala. Ufungue basi."

"Bibi atagomba."

"Atajuaje? We si unajua kila kitu yake? Funga ingine, lakini ilegee."

Niandike polepole hapa. Nilifurahi kuombwa. Nilikuwa nimelitazama fundo lile miaka sita, na nilijua naweza kulifunga. Nilichukua uzi mweusi wa kushonea, nikaukunja mara nne ili unene ulingane na wake, nikaupaka mafuta kidogo usionekane mpya. Nilifunga, sikuridhika, nikafumua, nikafunga tena hadi ncha zikalingana chini ya fundo. Ukweli ni kwamba fundo langu lilikuwa safi kuliko la Bibi. Wiki iliyofuata alikuja, akaligusa, akaingiza kidole, kikazunguka bila shida.

"Sawa," akasema. Mwamini akanikonyeza.

Nililegeza mara tatu. Kila mara ulikuwa umezama tena, na kila mara niliona nakata tu mila inayomuumiza dada yangu. Uso wake pia ulijaa. Majirani walisema amependeza, mimba imemkubali, tazama mashavu. Tulifurahi nao.

Kisha akaanza kuumwa kichwa. Si kichwa cha kawaida. Alikishika kwa mikono miwili kama mtu anayezuia mfuniko wa sufuria. Alisema anaona nzi wa moto wakipita mbele ya macho, mchana kweupe. Nilikimbia kwa Bibi na kumweleza. Alikuja mara moja, ila alikuja na kandambili. Nililitambua hilo nikiwa bado mlangoni, nikapumua: kama ingekuwa hatari, angevaa viatu. Aliketi, akashika mkono, akaingiza kidole chini ya uzi. Alikizungusha mara mbili.

"Uzi iko sawa. Ni jua hii. Kunywa maji, lala kwenye kivuli. We ni muzima."

Kesho yake, kabla ya adhuhuri, Mwamini alianguka akianika nguo. Mwili ulikakamaa, ukaanza kurushwa, meno yakauma ulimi. Shemeji alimbeba hadi kwenye gari la kwanza lililokuwa gerejini. Bibi alikuja barabarani peku, bila kandambili wala viatu, gari likiwa limeshaondoka.

Hospitali walimtoa mtoto, msichana, yuko hai, leo anamwita mama yangu mama. Mwamini hakufumbua macho. Alikufa siku hiyohiyo, jua bado liko juu. Nesi mmoja alinikalisha kwenye benchi akaniuliza, kwa upole ulionitisha, "Mikono yake ilianza kuvimba lini?" Nikasema sijui. Akanieleza kwamba ni tansiyo, kwamba mimba yenyewe inaweza kumpandishia damu mwanamke ambaye hajawahi kuumwa, kwamba mwanzoni haimpi homa wala maumivu, na ndiyo maana wanaoletwa wakiwa wamechelewa mara nyingi ni wale walioambiwa ni wazima. "Angeletwa wiki mbili kabla, tungejaribu," alisema.

Nilirudi nyumbani na neno hilo moja, *wazima*, na nilijua ni kinywa cha nani kilichokuwa kimelisema.

Bibi hakuja kwenye matanga. Tulikaa siku zote, wanawake aliowazalisha walijaa uani, yeye hakuja. Kabla ya arubaini alikuwa amehama, ameenda Kanyosha kwa mtoto wa dada yake, na redio yake, bila kuaga. Nilichukua daftari la miaka sita nikalitia kwenye jiko. Halikuungua vizuri. Ilibidi nichane kurasa moja moja, na kila ukurasa niliusoma kabla ya kuutia motoni, kwa kuwa hivyo ndivyo nilivyo. Je, niliuunganisha uvimbe wa mikono na fundo langu siku zile? Nimejiuliza sana. Nadhani niliunganisha, nikakimbia. Kumchukia yeye kulikuwa njia fupi.

Miaka mitatu ilipita. Niliolewa. Mwaka huu nilipata mimba. Ilipofika mwezi wa nne, sikulala siku tatu, kisha nikapanda basi kwenda Kanyosha. Nilikuwa na swali moja, na nililifanyia mazoezi njia nzima, kwa sauti ya chini, ili lisitetemeke.

Nilimkuta amekaa mbele ya nyumba, akimenya maharage mabichi kwenye ungo. Macho yalikuwa yamekwisha kabisa.

"Ni Karani," alisema kabla sijafungua kinywa. "Unatembea kama mutu anahesabu mawe."

"Bibi, kwa nini ulisema dada yangu ni mzima?"

Hakusita, hakuacha kumenya. "Uzi ilisema."

"Uzi ni uzi. Uliniambia mwenyewe."

"Nilikuambia hivyo, ndiyo." Maganda yalianguka. "Miguu, kila mutu anavimba hapa, na joto hii. Miguu haisemi kitu. Lakini mukono ikijaa, iyo ni damu inapanda. Masera walikuwa na mashini ya kufunga mukono. Mi nilikuwa mufuaji. Nilikuwa naona mwanamuke anaingia na miguu yake, anacheka, mukono imejaa. Kesho nafua shuka yake ya kufia. Mashini hakuna mutu angenipa. Nikachukua uzi."

Nilikaa chini kwenye udongo, na nguo yangu nzuri. Jirani aliyekuwa akitwanga sombe alinijia mbele ya macho, na kila "Sawa" ya kila wiki, na ule ukurasa wenye mstari wa rula.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Mwanzoni nilimwambia mumoja. Nikamwambia, hii ni kipimo, ikikukata kuja mbio. Mama mukwe wake akaja kwangu na matusi: muke wa mutoto wangu ni muzima, unamutafutia ugonjwa ya nini? Wakaikata. Tukamuzika yule muke. Nikasema basi, waiite dawa. Dawa hawaikati."

"Mimi sikuwa mama mkwe wa mtu. Mimi niliuliza."

"We ulikuwa unaandika. Kitu ya kuandika inasomwa, inasemwa. Na uzi ilikuwa yangu, Karani. Yote nilikupa. Ile moja nilibakiza."

Nilitaka kupiga kelele. Miaka sita. *Sina kitu nimekuficha.* Kama angesema neno moja, *kipimo*, ningekuwa nimembeba Mwamini mgongoni hadi hospitali. Lakini yeye alikuwa anaendelea kuongea, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Uzi haikunidanganya hata siku moja. Ya dada yako tu. Kidole ilikuwa inacheza ndani. Niliwaza, kama ilidanganya kwa huyu, ilidanganya kwa wangapi? Nimewaacha wangapi nyumbani? Nikaacha kazi. Viatu nikampa mutu. Kwenye matanga ningekuja na uso gani?"

Ningeweza kunyamaza. Naandika hili kwa sababu niliifikiria njia ile, niliipima urefu wake. Kipofu angekufa akiamini uzi wake ulikuwa mwongo, nami ningerudi Buyenzi na hasira yangu safi, bila doa.

"Uzi ulikuwa unamkata, Bibi. Niliufungua mimi, nikafunga mwingine. Mara tatu."

Mikono yake ilisimama. "Apana. Fundo ilikuwa yangu. Niliishika."

"Nilijifunza kwa kutazama."

Alivuta uzi mweusi kutoka kwenye pindo la kitenge chake. Kwa hiyo bado alikuwa akitembea nao. Akaninyooshea pamoja na mkono wake wa kushoto.

"Funga."

Nilifunga. Sikufumua hata mara moja. Alilipapasa fundo kwa kidole gumba, muda mrefu, mbele na nyuma, akatafuta ncha akazikuta mahali pake.

"Ni yangu kabisa," alisema. Kisha akasema, "Umeniibia, Karani."

"Na wewe ulinificha."

Bibi akarudi kwenye maharage yake. Mtoto wa jirani aliita kuku. Hakuna aliyeomba msamaha, na mimi nimechoka kudanganya, kwa hiyo nasema wazi kwamba hadi leo hakuna aliyeomba. Baada ya muda alinishika kifundo cha mkono, kama alivyowashika wanawake wa Buyenzi, akaniuliza, "Miezi mingapi?"

"Minne."

"Ni mapema. Lakini we utachelewa kurudi hapa, nakujua." Alifumua uzi ule mkononi mwake, akanifunga mimi, akinong'ona. Nikauliza ananong'ona nini, akasema ni bismillahi tu, siku zote ilikuwa bismillahi tu. Kisha akasema kwa sauti kubwa, neno kwa neno, kama mtu anayesomea karani barua, "Ikikukata, usiiguse. Kichwa ikiuma sana, ukiona moto mbele ya macho, usingoje hata uzi. Vaa viatu."

Nilirudi siku ileile. Jioni nilienda bombani na ndoo yangu, na mjamzito mmoja, mgeni mtaani, tumbo lake kubwa kuliko langu, aliutazama mkono wangu.

"Dada, ile ni dawa ya nini?"

Nilikuwa na jibu la mtaa, jibu la Bibi. Nikamwambia, "Si dawa. Ni kipimo." Nikamweleza kuhusu mikono, kichwa, nzi wa moto. Nikamwambia kuhusu mwanamke aliyebeba gunia la mkaa peke yake. Nikamwomba anionyeshe vidole vyake.

Uso wake ulikunjana. "Yoo! Mi ni muzima, bwana. Usiniletee mikosi." Akavuta kanga juu ya mikono, akachukua ndoo yake, akahamia mwisho wa mstari.

Nikachukua yangu, nikamfuata.